Banda la Kuku Kabla ya Kipupwe

Kuku mzima, aliyeshiba na mkavu, huistahimili baridi kuliko wafugaji wengi wanavyodhani. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi za Selsiasi, nyuzi 4 zaidi ya la binadamu, na umefunikwa mara mbili: manyoya laini ya ndani hushika hewa isiyotembea, na yale magumu ya juu hukinga upepo na umande. Usiku ukiwa wa baridi hutunisha manyoya, huingiza kichwa chini ya bawa, huvikalia vidole vyake na kujibana na wenzake. Kwa namna hiyo kuku wa kienyeji wameishi vizazi kwa vizazi Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hata Makete, pembezoni mwa uwanda wa Kitulo wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Huko, kati ya Juni na Agosti, ziko asubuhi ambazo jalidi hutanda juu ya nyasi na majani ya viazi huamka yameungua.

Pamoja na hayo, kipupwe ni msimu wa hasara kwa wafugaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini, na lawama zote hutupiwa baridi. Lawama hizo haziko mahali pake. Kinachomwangusha kuku mzima ni unyevu bandani, hewa nzito ya kinyesi, tumbo lililolala tupu, na ugonjwa unaomkuta mwili umeshachoka. Baridi humalizia kazi iliyoanzwa na hayo. Ni vifaranga peke yao wanaouawa na baridi yenyewe. Tofauti hii ndiyo inayopanga maandalizi yote, na muda wa maandalizi ni Aprili na Mei, wakati mvua zilizoanza Novemba zinaelekea kukatika na upepo wa kusi haujashika kasi.

Mfugaji mwenye huruma huanza kwa kuziba. Madirisha hufunikwa kwa viroba, nyufa hujazwa udongo, tundu la mwisho la hewa hutafutwa na kukandikwa. Nia ni njema, lakini matokeo yake ni mabaya. Kuku hatoki jasho. Maji ya mwilini mwake hutoka kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho sehemu yake kubwa ni maji. Kuku 20 waliofungiwa tangu magharibi hadi alfajiri hutoa unyevu wa kutosha kulowanisha banda zima. Unyevu huo hupanda pamoja na joto lao, hugusa bati lililopozwa na usiku, na kugeuka maji. Anayefungua banda la namna hiyo saa 11 alfajiri na kumulika tochi juu huona matone yamejipanga kwenye mikunjo ya bati. Yakigusana huteleza hadi penye msumari au kwenye boriti, kisha hudondoka, na chini ya kila msumari pana duara la maranda yaliyolowa. Migongoni mwa kuku manyoya yameshikamana. Manyoya yaliyolowa hayashiki hewa tena, kwa hiyo kuku huyo amevuliwa nguo yake ndani ya banda lililozibwa ili apate joto.

Hasara haiishii hapo. Kinyesi kilicholowa huvunjwa na bakteria na kutoa amonia, ile gesi inayowasha macho. Amonia huunguza utando wa ndani wa pua na koo, pamoja na vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu kutoka kwenye njia ya hewa. Vinyweleo hivyo vikiharibika, mafua na ugonjwa wa kideri hukuta mlango wazi. Mtu aliyesimama mlangoni hawezi kupima jambo hili kwa pua yake, kwa sababu hewa anayoivuta siyo inayovutwa na kuku. Kipimo cha kweli ni kuingia alfajiri kabla banda halijapata hewa ya nje, kuchuchumaa uso ukiwa usawa wa migongo ya kuku, na kuvuta pumzi kwa muda. Macho yakichonyota, hewa haitoshi, hata kama ndani mna joto la kupendeza.

Banda linalotakiwa ni lile linalopumua bila kupigwa na upepo, na hilo huanza na mahali lilipojengwa. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu huteremka kutoka miinukoni na kujikusanya mabondeni, ndiyo maana jalidi huvipiga vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kabla haijagusa mashamba ya mlimani. Banda lililowekwa kando ya kinyungu, kwa kuwa maji na majani mabichi yako karibu, hupata usiku mkali zaidi kuliko lililo hatua mia moja juu ya mteremko uleule. Kuchota maji na kupanda nayo ni kazi, lakini ni kazi yenye faida.

Baada ya mahali huja mwelekeo. Njombe iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Mambo haya mawili yanapatana vizuri ajabu: ukuta wa kaskazini hupata jua na haupati upepo. Banda lililonyooshwa kutoka mashariki kwenda magharibi, ukuta wa kusini ukiwa umejengwa hadi karibu na paa na ule wa kaskazini ukiwa na dirisha pana la wavu, hupokea jua la kipupwe hadi kwenye matandazo na kuyakausha. Desemba jua linapohamia kusini, dirisha lilelile hubaki kivulini wakati wa mchana. Ushauri wa kuacha wazi kuta zote mbili ndefu unafaa Dodoma na Tanga, kwenye tatizo la joto. Kwa Makete haufai, na unapaswa kuachwa bila kusitasita.

Hewa chafu nayo inahitaji njia ya kutokea. Chini ya paa, kuta zote mbili ndefu huachiwa upenyo wa upana wa kiganja, wenye wavu wa kuzuia wanyama, na upande wa kusi paa hurefushwa ili mvua ya upepo isiingie. Upenyo huo haufungwi hata usiku wa baridi kuliko zote. Kutoka sakafuni hadi juu ya vichwa vya kuku waliolala, kinyume chake, ukuta usiwe na ufa wowote, kwa sababu upepo mwembamba unaopita kwenye ufa na kupiga ubavu mmoja usiku kucha hudhuru kuliko hewa baridi iliyotulia. Dirisha kubwa la kaskazini huwekewa pazia la viroba vilivyoshonwa pamoja. Pazia hilo hukazwa kwa chini na kuvutwa kwenda juu, wala halining'inizwi kutoka juu. Likivutwa jioni huacha uwazi kwa juu, ambako hewa yenye unyevu hutokea, na huziba chini, waliko kuku. Pazia linaloning'inizwa hufanya kinyume kabisa likiinuliwa.

Vifaa vya ujenzi havina shida sehemu hizo. Mabanzi ya misonobari hupatikana kwenye viwanda vya kupasua mbao, tofali za kuchoma zipo karibu kila kijiji, na mianzi ileile inayogemwa ulanzi hufaa kwa kuta zikikandikwa vizuri. Paa la nyasi lina joto kuliko bati na halidondoshi matone, ila hukaribisha panya na utitiri. Paa la bati hudumu. Likitandikwa chini yake mkeka wa mianzi au tabaka la nyasi kavu lililobanwa kwa fito, lile tatizo la matone hupungua sana, na kwa mfugaji mwenye kuku 20 au 30 hilo ndilo paa la kupendekezwa. Sakafu iinuke angalau shibiri moja juu ya ardhi ya nje, na mfereji uchimbwe upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua za mwisho yazunguke bila kuingia.

Katika kaya nyingi za vijijini kuku hulala jikoni pamoja na mafiga. Sababu zake ni za busara: jikoni mna joto la majivu, mwizi hafiki, na kicheche na nguchiro hawathubutu. Lakini moshi unaobaki chini ya paa huwachosha mapafu kama amonia inavyofanya, viroboto na utitiri huhamia kwa watu, na kinyesi huchanganyika na mahali pa chakula. Kaya isiyo na uwezo wa kujenga banda kamili inaweza kuegemeza kibanda kidogo kwenye ukuta wa nje wa jiko, upande wa kaskazini, ukuta uwe mmoja. Joto la mafiga hupenya kwenye tofali hadi usiku wa manane, na kuku wakawa karibu na nyumba bila kuwa ndani yake.

Nafasi hupimwa kwa idadi. Kuku wa kienyeji wanaoshinda nje na kuingia kulala tu hutosheka wakiwa 4 au 5 kwa mita moja ya mraba. Siku za mvua na ukungu huenda wasitoke kabisa, kwa hiyo 4 ni salama zaidi. Kuku 20 wanahitaji banda la mita 2 kwa mita 2 na nusu. Kuwabana wengi zaidi ili wapashane joto ni kuongeza unyevu. Fito za kulalia ni muhimu kuliko ukubwa wa banda, na hapa makosa ni mengi. Kila kuku anahitaji sentimita 20 za ufito, hivyo kuku 20 wanatoshewa na fito 2 za mita 2 kila moja. Ufito mwembamba wa mviringo humlazimisha kuku kuushika kwa vidole vilivyo wazi. Ubao wenye upana wa sentimita 5, uliochongwa kingo zake zisikwaruze, humruhusu kukanyaga kwa wayo wote na kuifunika miguu yake kwa manyoya ya tumbo. Fito ziwe kimo cha sentimita 60 hivi na zote ziwe kimo kimoja, maana zikipandana kama ngazi kila kuku atautaka wa juu, na jioni nzima itaishia kwenye ugomvi na kuangushana.

Chini ya fito huja matandazo. Njombe na Mufindi zina bahati ya maranda. Maranda ya randa ya mkono au ya mashine ni bora kuliko vumbi la msumeno, ambalo huingia puani na huliwa na vifaranga. Pumba za mpunga zinazoletwa kutoka Usangu zinafaa pia. Tabaka la kwanza huwa la sentimita 10, likiwa kavu kabisa. Likigeuzwa kwa reki mara mbili kwa wiki na kuongezewa maranda makavu, kinyesi huoza polepole ndani yake na kutoa joto kidogo linalosikika kwa kiganja. Matandazo mazuri yakishikwa na kufinywa huachana mkono ukifunguliwa. Yakibaki bonge yana maji mengi mno, na dawa yake ni kuondoa sehemu iliyolowa na kuongeza hewa kwa juu. Kuongeza mengine juu ya yaliyolowa hakusaidii kitu.

Kabla matandazo mapya hayajaingia, banda husafishwa kwa mara ya mwisho. Kinyesi chote cha masika hutolewa, kuta hupakwa chokaa, na fito huondolewa ili sehemu zinapokaa zikaguliwe. Hapo ndipo utitiri mwekundu hujificha mchana: ufa ukikwanguliwa kwa kisu hutoka vumbi la kijivu linalotembea, lenye madoa ya damu. Wadudu hao hupanda juu ya kuku usiku, hunyonya na kurudi. Kuku anayenyonywa hivyo hupungukiwa damu, na mwenye upungufu wa damu hana nguvu ya kutengeneza joto. Maji ya moto, kisha mafuta ya taa au oili chafu kidogo iliyopakwa kwenye ncha za fito, huwamaliza wengi. Majivu makavu yaliyochanganywa na udongo laini, yakiwekwa kwenye beseni mahali pasipofikiwa na mvua, huwapa kuku pa kujigaragaza na kuondoa chawa. Wavu wa madirisha na nafasi chini ya mlango hukaguliwa siku hiyohiyo, kwa sababu kicheche hupita kwenye tundu ambalo mtu hulipuuza, na akiingia haishii kwa kuku mmoja.

Kazi nyingine ya Mei ni kuchagua nani aingie kipupwe. Usiku, kuku wakiwa wametulia, kila mmoja hushikwa na kupapaswa kifua. Mfupa wa kidari wenye nyama pande zote mbili ni wa kuku aliye tayari. Mfupa uliochongoka, wenye mabonde kushoto na kulia, ni wa kuku mwenye njaa, minyoo au ugonjwa, na huyo hutibiwa mapema au huondolewa. Majogoo wa ziada huuzwa. Jogoo mmoja kwa mitetea 10 anatosha. Kuku wa kishingo wana manyoya machache sana kuliko wenzao, na kupungukiwa huko, ambako ni faida Pwani na Tabora, ni mzigo Makete. Anayependa aina hiyo awape nafasi za katikati ya ufito, au afuge chotara wao wenye manyoya zaidi.

Chakula ndicho moto wa kuku. Kusaga chakula hutoa joto, na kuku aliyelala na gole lililojaa huendelea kupata joto hilo usiku. Mahindi mazima humeng'enywa polepole kuliko pumba, kwa hiyo hutolewa jioni, saa moja kabla ya kulala: konzi moja kwa kuku wawili, juu ya kile walichookota mchana. Jioni isiyo na mahindi ni jioni ya hasara wakati wa kipupwe, kwa sababu mchana nako kumekuwa na kidogo. Nyasi zimekauka au zimeungua kwa jalidi, na kumbikumbi, panzi na wadudu waliokuwa wengi wakati wa mvua wametoweka. Upungufu huo wa wadudu ni upungufu wa protini. Mashudu ya alizeti hupatikana kote Iringa na Njombe, na yakichanganywa na pumba za mahindi na dagaa kidogo waliosagwa huziba pengo. Majani ya kabichi na chainizi yaliyotupwa kwenye vinyungu, yakining'inizwa bandani kwa kamba, huwapa vitamini na kuwashughulisha kuku waliofungiwa, wasinyonyoane manyoya. Maji ya asubuhi yawe vuguvugu. Kuku anayekuta maji ya baridi kali hunywa kidogo, na asiyekunywa hali vizuri.

Hapa lipo jambo linalohitaji ukali. Mavuno ya mahindi ya nyanda hizo huanguka ndani ya kipupwe, na mahindi mengi hufika nyumbani yakiwa na unyevu wa ukungu. Punje zilizoota kuvu hutengwa na chakula cha watu, jambo ambalo ni sahihi, kisha hutupiwa kuku. Kuvu hilo huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini la kuku, hupunguza utagaji na kudhoofisha kinga, kiasi kwamba chanjo iliyotolewa kwa wakati huweza isifanye kazi ipasavyo. Tena mabaki yake huweza kuingia kwenye ini na mayai yanayorudi mezani. Punje zilizooza hazina mnyama wa kupewa. Zinafukiwa.

Mayai hupungua kipupwe, na wengi huamini ni kwa sababu ya mchana mfupi. Imani hiyo imetoka nchi za mbali na ikweta. London, mwezi Desemba, mchana ni wa saa 8 hivi, na kuku wengi wa huko hupunguza au huacha kutaga hadi wawashiwe taa. Njombe tofauti kati ya mchana wa Juni na wa Desemba ni saa moja tu na dakika chache, na taa ya ziada haitarudisha mayai yaliyopotea kwa njaa. Chakula kikitosha na upungufu ukaendelea, huenda kuku wananyonyoka manyoya ya zamani na kuotesha mapya. Manyoya kwa sehemu kubwa kabisa ni protini, na mwili hauwezi kutengeneza manyoya na mayai kwa pamoja. Kuku wa namna hiyo anahitaji dagaa na subira. Hajazeeka wala hajarogwa.

Kideri, ambacho wengi hukiita mdondo, hakina tiba. Kikiingia kijiji kisichochanjwa huweza kuua karibu kuku wote ndani ya siku chache. Baada ya mavuno huja harusi na kutembeleana, kuku husafiri kama zawadi na kama bidhaa ya gulio, na virusi husafiri pamoja nao. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania na kujulikana kama TEMEVAC, huvumilia joto la njiani kuliko chanjo nyingine nyingi, ndiyo maana huweza kufika vijiji visivyo na jokofu. Hutolewa tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga, hivyo chanjo ya kipupwe ni ya mwanzo wa Mei, si ya siku kuku wa jirani wanapoanza kuzungusha shingo. Kuku wanaoumwa hawachanjwi. Na kaya moja ikichanja peke yake imefanya nusu ya kazi: kijiji kizima kikikubaliana siku moja na mchanjaji, hasara hupungua kwa wote. Kuku mgeni, hata akitoka kwa mjomba, akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa. Aliyekufa kwa ugonjwa huchomwa au hufukiwa pamoja na manyoya na matumbo yake.

Mafua ya kuku huja na msongamano na unyevu. Uso huvimba chini ya macho, ute wenye harufu mbaya hutoka puani, na chakula huachwa. Mafua haya husababishwa na bakteria, kwa hiyo antibiotiki aliyoandika daktari wa mifugo husaidia, mradi siku za dawa zikamilike na mayai na nyama visitumike hadi muda ulioandikwa kwenye chupa upite. Lakini banda lisiporekebishwa mafua hurudi.

Kwa vifaranga hesabu ni nyingine. Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini ya utotoni tu, hawezi kujitunzia joto, na huhitaji nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza. Joto hilo hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki hadi anapofunikwa na manyoya kamili, wiki ya tano au ya sita. Njia ya kwanza ya kumwokoa ni kalenda. Mayai yaliyolalishwa katikati ya Machi huanguliwa baada ya siku 21, mwanzoni mwa Aprili, na vifaranga hao huingia Juni wakiwa na wiki 8. Mtetea anayeatamia Mei huleta vifaranga katikati ya baridi. Mtetea huyo anaweza kuzuiwa, na kumzuia ni huruma kuliko kumpa mayai 15 na kuzika vifaranga 12.

Wakiwa wameshaanguliwa, mama mmoja asipewe zaidi ya vifaranga 10, idadi anayoweza kuifunika yote kwa mabawa yake. Usiku hulala naye ndani ya tenga lililotandikwa nyasi kavu. Asubuhi hawatolewi mpaka umande ukauke, ambapo kipupwe huweza kuwa saa 4 au zaidi, kwa kuwa kifaranga aliyelowa tumbo hupoa haraka mno.

Wasio na mama hulelewa kwenye mviringo uliozungushwa kwa kadibodi au bati jepesi, bila pembe, kwa sababu wakihisi baridi hujirundika pembeni na kukanyagana hadi kufa. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe husema zaidi: waliojikusanya chini ya chanzo cha joto wakilia wanaona baridi, waliokimbilia ukingoni wakihema wanaungua, na waliotawanyika wakila na kulala ovyo wana joto la kutosha. Taa ya umeme ya joto ni safi, lakini vijiji vingi hutegemea jiko la mkaa, na hapo pana hatari inayostahili kusemwa wazi. Mkaa huwashwa nje hadi moshi uishe, kisha jiko huingizwa na kuzungushiwa wavu. Moshi ukiisha hatari haijaisha. Mkaa mwekundu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na inayoua watu. Chumba chenye jiko lazima kiwe na upenyo wa juu ulio wazi, na mtu yeyote, hasa mtoto aliyetumwa kuangalia vifaranga, asilale humo.

Kinengunengu hupunguza hitaji hilo la moto. Ni sanduku lenye chumba kidogo katikati, kuta na kifuniko vikiwa vimejazwa nyasi kavu, na tundu za hewa ndogo. Vifaranga walioota joto mchana huingizwa humo jioni, na joto la miili yao hubaki nao hadi asubuhi. Wanaofaa ni wale waliopita wiki ya kwanza au ya pili. Nyasi zikipata unyevu hubadilishwa siku hiyohiyo. Matandazo ya vifaranga hukaguliwa kuliko ya wakubwa, maana yakilowa huleta kuhara damu, na kinyesi chenye damu kikionekana dawa iingie kwenye maji ya kunywa siku ileile kwa ushauri wa afisa mifugo.

Septemba kusi hulegea na usiku hupata joto. Mapazia huteremshwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, chanjo ya pili huwa imeshatolewa Agosti, na matandazo ya msimu mzima hutolewa nje. Hayamwagwi moja kwa moja shambani, kwa sababu yakiwa mabichi huunguza mizizi. Hulundikwa chini ya kivuli, hufunikwa kwa majani, hulowanishwa kidogo na kugeuzwa, na kufikia mvua za Novemba huwa mbolea tayari kwa matuta ya viazi mviringo.